Bibi Yako Nimemtangaza Upya

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu mimi mama yako, na baada ya salamu nakuuliza hali. Kifua kimepoa? Ile sweta niliyokufumia unaivaa, au umeikunja chini ya godoro kama ile ya kwanza? Sisi huku wazima. Baba yako mzima, ila goti linamsumbua na hospitali hataki kuisikia, anasema goti ni lake, si la daktari. Mdogo wako anayekufuata anakusalimu, amepata kazi kwa fundi wa matairi na sasa nyumba nzima inanuka mpira. Kitinda mimba wetu anakusalimu, mtihani kafaulu, hesabu tu ndizo zimemshinda, na hilo amelirithi kwangu. Dada yake baba yako anakusalimu, bado yuko chumba cha uani, bado wanagombana na baba yako nani kaacha mlango wazi. Jirani wa cherehani anakusalimu, anauliza kama ile gauni ilikukaa kiunoni. Bibi yako ndiye peke yake asiyekusalimu, na habari za barua hii ni zake.

Mwandiko utauvumilia, shule niliiacha kabla mkono haujaizoea kalamu. Lakini haya sikutaka mtu aniandikie.

Unaijua redio yetu ya kwenye kabati, ile ya mfuko wa ngozi. Inashika AM tu. Zamani ilitutosha. Matangazo ya vifo yakianza, kilima kizima kilikuwa kimya, hata watoto walikuwa wanabanwa midomo. Halafu wale wa kituo wakasema wanahamia masafa mapya ya FM, sauti safi. Safi kwa nani sijui, maana FM haivuki kilima, ikifika kwenye korongo inakata. Sisi wa huku kwenye AM tukaachiwa nyimbo za zamani na mtangazaji mmoja mzee anayekohoa katikati ya habari. Matangazo ya vifo nayo yakahamia huko kwenye usafi.

Mjomba wako alilijua hilo vizuri. Mwaka huu huu alikaa hapa kwetu, kiti cha dirishani, akaicheka ile redio, akasema dada, siku hizi hata wafu hawatangazwi humo. Nikacheka naye. Nikamwongeza chai.

Basi bibi yako alipofariki nyumbani kwake, huyo mdogo wangu niliyembeba mgongoni hakunipigia simu wala hakutuma mtu. Alipeleka tangazo FM, likasomwa, akatulia. Mimi nilikuja kusikia wiki ya pili, tena sokoni ng'ambo ya kilima, FM inakofika, tena si kwa kupewa pole. Muuza sabuni alinihudumia bila kunitazama usoni. Nikamuuliza kulikoni leo, akasema yeye hana maneno na mtu aliyekataa kumzika mama yake. Nilidhani ananitania. Mwanangu, nilimwachia sabuni na chenji yake.

Nikaenda moja kwa moja kwa mjomba wako. Hakuinuka kitini. Akasema alitangaza redioni, watu wote walisikia, sasa kosa lake ni lipi kama mimi bado nasikiliza redio ya mababu. Na siku ya maziko, wale waliouliza dada mkubwa yuko wapi aliwaambia dada kasema ana shughuli zake. Unakumbuka bibi yako alivyokuwa akisema, nyumba yake isivunjwe, ibaki pa kukimbilia mtoto yeyote aliyekwama. Mjomba wako alisimama mbele ya watu akasema, kwa kuwa dada hata kuja hakutaka, hana neno juu ya nyumba. Nilipofika paa lilikuwa limeshashuka. Leo pale kuna vyumba vya maduka, vina milango ya chuma. Kitanda cha bibi yako nilikikuta nje kimeegemezwa ukutani, kinanyeshewa.

Mimi nimewalea nikiwaambia yaishe, nyamazeni, mtu mzima hushuka. Siku ile sikushuka.

Mwezi uliopita yule mzee wa AM akatangaza huku akikohoa kwamba mtambo wao utazimwa, aliye na salamu za mwisho alete. Nikavaa kitenge changu cha kutokea, nikapanda gari hadi kituoni. Ni kijumba kidogo chini ya mnara, ukutani wamepigilia mazulia ili sauti isivuje, na zulia la dirishani panya wameshalianza. Yule mzee alifurahi kuona mtu. Akasema siku hizi tangazo la AM halina mwenyewe, nani anasikiliza. Nikamwambia ninaowataka mimi ndio wanaosikiliza. Na kweli, dada zake bibi yako, binamu zake, wenzake aliokua nao, wote wako upande wetu wa kilima na wote hawakujua kama mwenzao hayupo, nami kwa aibu ya kutomzika mama yangu sikuwa nimewaambia. Walikuwa wanamtumia salamu maiti.

Akaniuliza marehemu kafariki lini. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini, akasema mama, hili limechelewa mno. Nikamjibu kwamba kwa asiyesikia, amekufa leo. Akaichukua tena kalamu, akaandika. Watoto wa marehemu akawataja kwa mpangilio, wa kwanza mimi, ambaye sikupewa habari. Msiba uko nyumbani kwa mwanawe wa kiume, wote mnaombwa kufika Jumamosi asubuhi. Hakuna neno la uongo hapo, hata ukilipekua.

Jumamosi ikafika. Kwa mjomba wako kulikuwa na hema jeupe, viti vimevishwa nguo, spika kubwa kama kabati. Binti yake, binamu yako, alikuwa anavishwa pete. Kina bibi walipoanza kuingia getini na vitambaa vyao vichwani, yule mshereheshaji akashika kipaza sauti akawakaribisha kwa shangwe, akasema wageni wa upande wa bwana harusi wamefika, tusimame tuwapigie makofi. Watu wakasimama wakapiga makofi. Ndipo mdogo wake bibi yako, yule mwembamba mwenye ulimi, akaachia kilio cha kwanza, na wengine wote wakamfuata. Hata spika ilishindwa.

Mjomba wako akakimbia na suti yake akiwaambia wamekosea nyumba. Yule bibi mdogo akasema basi na aonyeshwe nyumba ya msiba iko wapi, maana redio imesema hapa, ila kweli amezeeka na hajawahi kuona msiba wenye keki ya ghorofa tatu. Akamuuliza mjomba wako, wewe, mama yako umemweka wapi. Huku anauliza, kakaa kwenye kiti cha wakwe.

Mimi nikaingia wa mwisho. Nilisimama katikati ya hema nikayasema yote, ya FM, ya maziko, ya kitanda. Sikupaza sauti. Muuza sabuni alikuwepo, alikuja kula, na alinisikia. Wakwe walianza kunyanyuka mmoja mmoja, wakaondoka na zawadi zao. Mjomba wako alitoka jasho mpaka tai ikalowa, nami nilisimama nikamtazama mpaka nikatosheka.

Sasa nakuambia ambalo baba yako hajui. Tarehe ile sikuiokota. Binamu yako mwenyewe aliniletea kadi kwa kificho, baba yake asijue, akapiga magoti akasema shangazi, njoo, bila wewe sitajiona nimeolewa. Kadi hiyo ndiyo niliyoishika mbele ya mtangazaji nikimsomea siku. Mtoto alibaki kwenye kiti chake na wanja unamtiririka, ananitazama mimi tu. Kwake yeye sina cha kujitetea. Kwa baba yake, ningerudia.

Lakini mjomba wako alipobanwa alisema neno, na neno hilo limeninyima usingizi. Alisema mbele ya wote kwamba asubuhi ile bibi alipofariki alikupigia simu wewe, na wewe ukamwambia mama asiambiwe kwanza, presha itamuua, utanieleza mwenyewe taratibu. Watu wote wakanigeukia. Nikasema mwanangu hawezi, huyu anaokota pa kujishikia. Nilisema kwa nguvu. Njiani narudi ndipo nikakumbuka siku niliyokupigia kukupa habari. Ulilia sana mwanangu, lakini hukuniuliza alikufa lini wala aliumwa nini.

Mtambo umeshazimwa, nikiwasha redio nasikia mvumo tu. Wote wa hapa wanarudia kukusalimu, na baba yako anasema ule vizuri. Msalimie na huyo unayeishi naye chumba kimoja.

Nijibu upesi sana, kwa kuandika. Simu usipige. Ukipiga utalia, na ukilia nitakusamehe kabla sijajua nakusamehe nini.

Ni mimi,
Mama yako mzazi