Niliandika HAYUPO Mara Saba

Jumatano, 11 Februari 2009. Sumbawanga. Ukungu tangu asubuhi, manyunyu yasiyokoma, baridi ya kuvaa sweta mbili.

Tangu saa nne asubuhi sijala kitu zaidi ya chai. Naandika hapa kwa sababu nikimsimulia mtu uso kwa uso nitaanza kujitetea, na leo sina haki hiyo.

Nianze na majivuno yangu, maana kosa lilianzia huko. Mnaopita hapa mnajua nina chumba cha intaneti karibu na soko, mashine sita na printa moja yenye kiburi. Desemba virusi vya kwenye flashi za wateja vilinimaliza kabisa. Mashine zilikuwa zinajizima zenyewe, na nyingine ilifungua picha za ajabu mbele ya masista wawili waliokuja kuandika barua. Januari nikasema liwalo na liwe. Nikafuta kila kitu, nikaweka Linux badala ya Windows kwenye mashine zote sita, peke yangu, kwa CD aliyoniletea mshikaji wangu kutoka Dar.

Virusi vikakoma. Nami nikavimba kichwa. Vyumba vya intaneti vimekuwa vingi mjini siku hizi, kila mwenye fremu anafungua chake, na mimi nilitembea kama vile wengine wote ni wanafunzi wangu.

Kilichobaki kunisumbua ni PDF. Mteja akibofya faili la PDF, lilikuwa linafunguka humo humo ndani ya kivinjari, likipenda. Lisipopenda, unapata boksi la kijivu. Hakuna herufi, hakuna ujumbe wa kosa, kijivu tu, mteja anakitazama na mimi nakitazama. Wiki nne nzima nilikuwa na jibu moja kwa wote: "Subiri kidogo, mtandao leo mdogo."

Nilikuwa nadanganya.

Sikujua tatizo ni nini, na sikutaka mtu yeyote ajue kwamba sijui.

Sasa Alhamisi iliyopita. Majina ya waliochaguliwa kwenda vyuo vya uuguzi yalitoka. Kwetu huku mtu hapotezi siku nzima na nauli kutoka kijiji cha Kate kuja kuangalia mstari mmoja. Anaandika jina kwenye kikaratasi, anampa konda wa basi, konda ananiletea. Mimi naangalia, naandika nyuma ya kikaratasi YUPO au HAYUPO kwa kalamu nyekundu, kinarudi na konda yule yule. Nakala inabaki kwenye daftari langu. Watu wanayaamini maandishi yangu. Katekista wa Kate aliwahi kuniambia kikaratasi changu kwao ni sawa na barua ya serikali, na sifa ile niliibeba wiki nzima.

Siku hiyo vilikuja vikaratasi saba. Faili lilikuwa na kurasa arobaini na mbili, herufi ndogo kama punje za ulezi, majina yamepangwa kwa vyuo wala si kwa alfabeti. Foleni ilifika mlangoni. Faili likafunguka ndani ya kivinjari bila ukijivu, nikashukuru Mungu. Nikakiita kile kisanduku cha kutafutia kinachotokea chini ya dirisha la kivinjari, nikaandika jina la kwanza. Kikawa chekundu: halikupatikana. La pili, chekundu. La tatu, chekundu. Nilimaliza watu saba kabla printa haijamaliza kurasa tatu za mteja mwingine.

HAYUPO. Mara saba, kwa mwandiko wangu mzuri.

Nikavirudisha kwa makonda, nikaendelea na foleni.

Leo asubuhi akaja Mwalimu Didas, mstaafu, aliyefundisha nusu ya mji huu, mimi nikiwemo. Alitaka mitihani ya zamani ya Jiografia kwa ajili ya wanafunzi wake wa masomo ya ziada. Akabofya. Kijivu. Nikatoa jibu langu la kila siku. Akavua miwani, akanitazama kama alivyonitazama nilipokuwa darasa la tano.

"Binti, mtandao mdogo ungeniletea nusu ukurasa. Huu haukuleta hata nukta. Na huyu jirani yangu anasoma barua zake vizuri tu. Sema hujui, tutafute."

Nikasema sijui. Nilishangaa kuona paa halikuanguka.

Tukatafuta. Kwanza nilifunga kivinjari, nikaangalia programu zipi bado zinafanya kazi kichinichini. Nikakuta kile kijiprogramu cha kusomea PDF, kinachochomekwa ndani ya kivinjari, kinaendelea mara nne, maiti nne za madirisha yaliyofungwa zamani, kila moja imeshika kumbukumbu ya mashine. Nikaziua zote. Nikafungua tena mtihani, na kijivu kikarudi vile vile.

Kisha nikafanya jambo ambalo ningelifanya Januari kama nisingekuwa najidai. Nikabofya kiungo kwa kitufe cha kulia, nikahifadhi faili kwenye mashine, halafu nikalifungua kwa kisomaji kilichokuja na Linux yenyewe, nje kabisa ya kivinjari. Likafunguka papo hapo, kurasa zote, na ramani za Mwalimu zikiwa na rangi zake. Kwa hiyo faili lilikuwa zima na mtandao ulikuwa mzima. Mgonjwa alikuwa yule wa ndani ya kivinjari.

Nikaingia kwenye mapendeleo ya kivinjari, pale kinapoelezwa kila aina ya faili ifanyiwe nini. PDF ilikuwa imeamriwa ifunguke ndani. Nikabadilisha: ihifadhiwe kwanza, kisha ifunguliwe na kisomaji cha nje. Nilimaliza mashine tano kwa dakika kumi. Mwalimu alikuwa anaguna kwa kuridhika, na mimi, nikiri tu, kichwa kilianza kuvimba tena.

Mashine ya sita ni yangu ya mezani. Kabla sijaibadilisha nilitaka kumwonyesha Mwalimu tofauti ya njia ya zamani na mpya, basi nikafungua faili lililokuwa karibu, ile orodha ya wauguzi, ndani ya kivinjari. Ikaja. Mwalimu akainama, akaweka kidole kwenye kioo.

"Ehe, hata Rukwa yetu ipo. Hii hapa, mstari wa tatu."

Nikamwambia asijisumbue kutafuta kwa macho, kuna kisanduku. Nikaandika Rukwa.

Kikawa chekundu.

Neno liko chini ya kidole cha Mwalimu, na kompyuta inasema halipo.

Nikaandika tena, herufi moja moja. Chekundu. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa lote kwa mkupuo. Kisanduku kile ni cha kivinjari, kinatafuta kwenye ukurasa wa wavuti tu. PDF imekaa humo kama mpangaji aliyejifungia chumbani kwake: wewe unaita jina uani, yeye yuko ndani hasikii, unarudi kusema hayupo. Ningeweza kuandika jina lolote siku ile, hata la Rais, na lingekuwa jekundu.

Nikachukua daftari. Nikafungua orodha kwa kisomaji cha nje, nikaandika jina la kwanza kwenye kitafutio chake chenyewe. Halikuwepo kweli. La pili halikuwepo. La tatu, Skolastika, mtoto wa Mzee Kasiano wa Kate: ukurasa wa thelathini na moja, chuo kimoja cha Mbeya.

Yupo. Alikuwepo tangu Alhamisi.

Mwalimu akaomba rula. Tukasoma kurasa zote arobaini na mbili mstari kwa mstari, kwa macho, mara mbili, wateja wakisubiri na wengine wakiondoka. Kati ya saba, watatu wapo.

Tulipomaliza, Mwalimu akauliza taratibu, bila ukali wowote, "Ulipoona saba wote hawapo, hukushtuka?"

Nikamwambia foleni ilikuwa ndefu. Akafuta miwani yake.

Niliazima baiskeli nikaenda Mollo kwenye yale manyunyu, maana mmoja wa wale watatu anakaa kijiji hicho. Nilimkuta anapalilia mahindi. Alipoelewa, alinikumbatia na jembe mkononi, tope likaniganda mgongoni. Wa pili ni Masanja, mtoto wa wafugaji waliohamia bondeni kutoka Usukumani. Kaka yake alipokea simu, akanifanya nirudie mara tatu, halafu akasema kesho wapo mjini.

Akabaki Skola.

Nilimpata katekista, akapeleka simu hadi nyumbani kwa Mzee Kasiano. Nilikuwa nimejiandaa nini cha kusema, nikasahau chote baada ya salamu.

"Shikamoo baba. Ni Editha wa intaneti."

"Marahaba mwanangu. Za mjini?"

Nikamweleza. Nilisikia kuku wanalia uani kwake.

"Yupo?" akauliza.

"Yupo, baba. Kosa ni langu, si la mtoto wala la chuo. Ni langu."

"Sasa mbona ameshaondoka. Jumamosi ameteremka Wampembe kwa shangazi yake, kuanika dagaa. Alisema hawezi kukaa bure."

Wampembe simu hazishiki. Matangazo ya kampuni za simu yamebandikwa mpaka kwenye mabucha, lakini ziwani kule bado hazishiki. Nilipiga chuoni Mbeya, namba iliyoandikwa kwenye orodha, juu ya majina ya chuo hicho. Mama aliyepokea alikuwa mpole, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mwisho wa kuripoti ni Jumatatu saa nane mchana, na vyeti halisi mkononi. Baada ya hapo nafasi inakwenda kwa wa akiba. Nikamwomba siku moja tu. Akasema, "Dada, hata wa akiba ni watoto wa watu."

Nikapiga tena Kate. Mzee alikuwa ameshapiga hesabu zake. Vyeti viko kwenye sanduku. Lori la dagaa linateremka kesho alfajiri, atapanda mwenyewe akiwa na vyeti hivyo, kwa sababu kumtuma mtu ni kubahatisha. Lori likifika salama kesho jioni, likapakia Ijumaa, likapanda Jumamosi, Skola atakuwa hapa kwangu Jumamosi usiku. Jumapili basi la Mbeya. Jumatatu asubuhi chuoni. Siku zote zimejaa, hakuna hata nusu siku ya kukosea, na ile barabara ya mteremko ikilowa malori yanalala hapo siku mbili, tatu.

Hapo nikalia kwenye simu, mtu mzima mimi. Nikamwomba msamaha. Na Mzee Kasiano, mwenye haki ya kunitukana mpaka ukoo wangu, akanibembeleza.

"Usilie mwanangu. Karatasi ilipofika hatukushangaa. Tulisema ndiyo kawaida yetu."

Afadhali angenitukana.

Sasa ni saa kumi na moja na nusu jioni. Mashine zote sita zimebadilishwa. Orodha nzima nimeichapa na kuibandika mlangoni, kila mtu asome kwa macho yake. Kuanzia leo nikijibu kikaratasi naandika ukurasa na mstari, na kama jina halipo naandika nimesoma mara ngapi. Mteja akiuliza nisilolijua nitamwambia sijui. Nimemwekea Skola tiketi ya Jumapili kwa konda ninayemwamini, na godoro nimelitoa nje ya stoo lipate hewa.

Nimefungua dirisha mara kumi kuangalia mawingu. Kwa upande wa Kate yamekuwa meusi. Tone la kwanza la mvua yenyewe limegonga bati nilipokuwa naandika aya iliyopita, na sasa yamekuwa mengi hata sisikii printa. Baba, vifunge vyeti kwenye nailoni. Vifunge mara mbili.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitapiga simu Kate kuuliza kama lori limeondoka. Zaidi ya hapo sina la kufanya ila kungoja, na kungoja sijakuzoea.

Lakini swali la Mwalimu bado limekaa kwenye kiti alichokalia. Hapana, Mwalimu, sikushtuka, na foleni haikuwa sababu. Niliona watoto saba wa Rukwa hawapo, nikaona ni sawa tu, nikachukua kalamu nyekundu.

Vikaratasi vile saba vingekuwa vimetoka Dar es Salaam, ningeridhika na kile kisanduku?