Kwanza Tufungue, Baba

Baba yangu,

Huu ni mwezi wa saba huniulizi matokeo, na kimya chako kimenishinda. Acha niseme: mtihani ule wa kuingia masta nilifeli. Sikuwa nasubiri majibu kama nilivyokuwa nikikwambia. Yalibandikwa ukutani wiki nyingi kabla hujafariki, na jina langu halikuwepo.

Unakumbuka siku nilipokuja gereji pale Buyenzi kukuambia nimejiandikisha? Ulikuwa umelala chini ya teksi, miguu tu ndiyo inaonekana. Ukauliza nitasoma muda gani, nikajibu wiki tatu zinatosha. Ukatoka, ukafuta mikono taratibu.

"Umeshafungua?"

Nilicheka hadi wateja wakageuka. Nikaona kichwa changu unakifananisha na moteri ya gari! Lakini hiyo ndiyo ilikuwa desturi yako. Mteja akija na haraka zake, "Fundi, itaisha lini?", humtajii siku. "Mi siwezi kusema siku. Kwanza tufungue, tuone." Wengine walikwenda kwa mafundi waliotaja siku papo hapo, kisha gari likarudi kwako likivutwa kwa kamba.

Mimi pia nilirudi kwa kamba, ila sikuthubutu kukuonyesha. Ukaendelea kuniombea kila baada ya swala, hadi ukaondoka ukiniombea mtihani uliokwisha kunishinda. Hilo linaniuma kuliko kufeli kwenyewe.

Basi safari hii nimefungua. Kabla ya kushika kitabu chochote, nilikaa mezani na maswali ya mwaka jana, saa yako mbele yangu, nikajibu yote peke yangu. Kifaransa kilikuwa kizima. Takwimu, Baba, zilikuwa zimekufa kabisa. Ndipo nikajua muda wangu: miezi mitano, kila siku baada ya alfajiri mpaka nitoke kwenda kufundisha. Kaka Idi akanicheka: "Miezi mitano? We unasomea mtihani ama unasomea ubunge?" Nikamwacha acheke. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo nimeshaugonga mara moja.

Wiki iliyopita nilirudia maswali yote, nikapita vizuri. Likabaki moja tu nisilolielewa. Idi akasema inatosha. Nikakukumbuka na ile bolti moja iliyobaki juu ya gunia, gari linanguruma vizuri, mwenye gari ameshashika usukani anataka kwenda. Wewe ukaiokota hiyo bolti: "Apana. Iyi bulo iko na mahali yake." Ukafungua tena, na mwenye gari akanuna mpaka jioni.

Nami nimefungua tena. Limenichukua siku nne, lakini limeingia mahali pake.

Mtihani ni Jumatatu. Matokeo yakibandikwa, nitakuja ulipolala siku hiyohiyo. Jina langu liwepo au lisiwepo, utasikia kwangu.

Mungu akulaze pema.

Binti yako mbishi