Mahudhurio Yangu Manne

Nyanda, pokea simu!

Nimeenda kile kikao cha kuacha pombe. Kwa siri, si unanijua. Bodaboda akapaza sauti stendi nzima ikasikia: "Walevi wanakutania wapi? Nina mtu wao hapa!" Siri kubwa kweli.

Nafika, katibu anafungua daftari. "Yakobo? Mbona umehudhuria mara nne, hujakosa hata Jumamosi moja."

Mara nne! Mimi! Jumamosi zote hizo nilikuwa kilabuni.

Nageuka, benchi la mbele kakaa mama yangu. Mama! Anaacha pombe ambayo hajawahi kuionja. Eti, "Nilikuwa namshikia nafasi, najiandikisha kwa jina lake. Nilijua atakuja."

Mbele za watu, Nyanda.

Nimekaa. Ningefanyaje? Alikuwa ameshasogea.