Jiwe la Tatu Kutoka Pembeni

Jumapili, Agosti 1956. Ukungu tangu asubuhi, baridi ya kuuma masikio.

Wacha niandike haraka kabla nianze kujiambia eti niliota.

Kesho baba mdogo anakuja kuchukua nyundo na tindo za baba. Mama amekubali. Ni miaka miwili tangu askari wamchukue baba, na jirani mmoja aliyetoka kambi ya kizuizini alituambia baba amekufa huko. Mama akalia, halafu akafunga vyombo vya baba vya kuchonga mawe ndani ya gunia.

Mimi sikulia. Sikuamini, lakini sikuwa na kitu cha kuonyesha mtu.

Leo baada ya kanisa nimetoroka na rafiki yangu Akinyi, tukaangalie nyumba za zamani hapa Thika. Hiyo ndiyo raha yangu: naweka karatasi ya buku juu ya jiwe, nasugua na penseli, na alama zote za tindo zinatokea. Hakuna mtu alinifunza. Ukurasa wa kwanza ni jiwe la nyumba ya mzungu kule Ruiru, baba alilichonga mimi nikimletea maji. Baba anashika nyundo na mkono wa kushoto. Alama zake zinalalia upande ambao za wengine hazilali.

"Wewe Wambui utaolewa na ukuta!" Akinyi akanicheka pale steshoni.

"Afadhali ukuta. Haupigi mtu."

Tukacheka mpaka tukashika njia ya mto. Tukapita maporomoko ya Chania, tukaendelea tu, mimi mbele kama kawaida. Halafu ndege wakanyamaza. Kwa ukungu kukatokea ukuta mpya wa mawe, haujafika kifua. Hakuna mlango. Hakuna mtu.

Chini ni matope mekundu, na nyayo. Nyingi sana, za watu bila viatu, zote zinaelekea mtoni. Pembeni yao, buti.

"Mimi narudi," Akinyi akasema polepole. "Hapa tunaangaliwa."

Nilitaka kurudi pia, kweli. Lakini macho yangu yalikuwa yameshaona jiwe la tatu kutoka pembeni.

Alama zake zimelalia kushoto.

Nikatoa karatasi, nikasugua, penseli ikavunjika, nikamalizia na kipande. Chini ya jiwe kulikuwa na unga wa kuchongwa kwake, mweupe. Alhamisi mvua ilinyesha vibaya sana. Ule unga haukuwa umeoshwa.

Tukakimbia mpaka barabarani.

Nilipofika nyumbani nikampa mama buku. Hajui kusoma. Akapitisha kidole kwa ukurasa wa kwanza, halafu kwa huu wa leo. Akarudia tena, polepole, kama mtu anapapasa uso.

"Umetoa wapi hii?"

"Njia ya mto, mama. Ni jiwe la juzi."

Akafunga buku, akatazama mlangoni. "Usiambie mtu. Hata baba yako mdogo."

Akafungua gunia, akatoa nyundo, akailaza kitandani upande wa baba.

Kesho baba mdogo atapewa chai, anywe, aende.

Lakini zile nyayo zinanikataza usingizi. Zilikuwa nyingi hivyo. Mbona sikuona hata moja inarudi?