Gurudumu Lililopinda

Mama Neema mpenzi,

Huku ng'ambo, Fairfax, baridi inauma masikio. Jana kadi ya simu iliisha kabla sijafika penye utamu, basi soma mwenyewe.

Neema alinipeleka darasani kwake chuoni. Mwalimu wao alileta gurudumu la kamari, lile la kurushia gololi itue kwenye namba. Akasimulia kwamba zamani kuna watu walikaa kasino siku kadhaa mfululizo na madaftari, wakiandika kila namba iliyotoka, mpaka wakajua gurudumu bovu linapendelea zipi. Wakavuna, na wala hawakuiba! Akasema na hili lake ni bovu, wanafunzi watafute kasoro. Wakaanza kurusha na kuandika.

Mimi nikaomba nilizungushe tupu, bila gololi. Nikasogeza ukucha karibu na ukingo, kama ninavyopima ringi ya baiskeli. Kila mzunguko likanigusa palepale. Nikasema, "Limepinda hapa." Saa nzima baadaye, madaftari yao nayo yakaonyesha upande uleule.

Mwalimu akauliza huyu mzee kasomea wapi. Unakumbuka Neema alivyokuwa akijaza fomu za shule kwamba baba yake ni mfanyabiashara? Safari hii alisimama mbele ya wenzake wote, akajibu kwa sauti: "Baba yangu ni fundi baiskeli."

Usibebe ndoo nzito, mgongo wako naujua. Na kile kibao cha bandani kwangu kilichofifia, mwite mchoraji akipake rangi upya. Herufi ziwe kubwa.

Mumeo,
Baba Neema