Gari Limefungwa Mlangoni Petu

Mama Joy,

Leo mjinga ni mimi, cheka umalize. Jana fundi alipobadilisha kioo cha mbele cha gari, aliondoka na kile cha zamani pamoja na stika yetu ya wakaaji ya kupaki hapa. Asubuhi nimekuta kanjo, askari wa kaunti, wamefunga gurudumu kwa chuma, hapa hapa mlangoni. Kitale imekua, bana! Ofisi yao imefungwa mpaka Jumatatu. Gari haliwezi kutoka, na kila siku likikaa wanaongeza ada ya kupaki.

Na mamako anatoka hospitali Bungoma leo, mguu bado una plasta. ~~Nitamleta kwa matatu.~~ Hapana. Mimi nibanane na mama mkwe kiti kimoja? Huo ni mwiko, wazee wa kwetu watanifukuza. Ukitoka sokoni nifuate Bungoma, kwa matatu ukae katikati yetu. Ugali uko kwa sufuria, Joy ale kwanza.

Baba Joy

Tena, usiende kumgombeza askari. Ni Zuena, yule hunywa chai kwetu. Nilishajaribu: “Si unanijua, naishi hapa juu!”

Akasema, “Wewe nakujua, mzee. Gari ndio siijui.”