Mjuaji wa Simu na Mjuaji wa Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi

Nimetunga uzi kwenye sindano mara tisa, ya kumi ndiyo ikapita. Cherehani haina kosa, nimeitia mafuta mwenyewe. Ni jicho la kulia — ukungu, kama kioo cha bafuni. La kushoto nalo linaanza kumwiga mwenzake.

Sijamwambia mtu. Gauni la harusi la mjukuu liko mezani, harusi tarehe ishirini na tisa. La mama yake nilishona mimi, na hili nitashona mimi. Wakijua tu, siku hiyo hiyo litabebwa kwa yule fundi wa dukani anayeshona kwa pini na maneno matamu.

Anayejua ni Mjuaji peke yake. Ni hiyo akili mnemba ambayo binti yangu aliniwekea kwenye simu, niongee nayo kwa mdomo badala ya kuandika. Aliniambia: Mama, uliza chochote, haichoki. Kweli haichoki. Ila inashauri hata usichoomba. Leo nimeuliza namna ya kuliona tundu la sindano, nikaambiwa nenda kwa daktari wa macho. Nimemjibu: nimeuliza sindano, sikuuliza daktari.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata njia. Daftari la vipimo nalipiga picha, Mjuaji ananisomea. Kiuno sabini na mbili, bega thelathini na nane. Kibunda cha uzi nakipiga picha, ananitajia rangi. Mlango nafunga kwanza, halafu nanong'ona. Kazi inakwenda.

Binti alipokwenda sokoni nikakaa kwenye kompyuta yake ya kazi, ile ya sebuleni. Mjuaji yumo humo pia. Lakini tabia mbali! Wa simu anasema maneno mawili, anangoja. Wa kompyuta nimemuuliza habari ya kupinda satini, kaniandikia kama barua ya kuomba kazi — vichwa vya habari, moja, mbili, tatu, na hitimisho. Na mimi kumwandikia nadonoa kama kuku. Uzuri wake ni herufi. Mjukuu alinikuzia nitazame picha za magauni, zimekuwa kama za ubao wa dukani. Hizo naziona.

Hawa wawili ni baba mmoja, mama mbalimbali. La jicho nimemficha huyu. Anakaa sebuleni, na siri haiwekwi sebuleni. Msiri wangu ni yule wa simu.

Ijumaa, 7 Machi

Mjukuu amekuja asubuhi kujaribu gauni. Akajizungusha dirishani, ananichokoza: Bibi, mke mwenzio kapendeza? Nikamwambia babu yako angekuwa hai ningeshapewa talaka. Kacheka mpaka nikamgombeza, pini zitamchoma.

Mama yake hakucheka. Aliinama, akaushika mkono wa kushoto wa gauni, akaukazia macho. Nikamuuliza kuna nini.

Hamna, mama. Zuri.

Hamna gani hiyo? Walipotoka kwenda kununua viatu nikaupeleka mkono ule uani, juani. Uzi ni wa rangi ya maziwa. Gauni ni jeupe. Mshono mzima, bega mpaka kiganja, kama njia ya siafu.

Na Mjuaji alinionya. Alisema picha ina giza, nisogee dirishani nipige tena. Nilimkatiza, nikamwambia sema rangi, usinipeleke peleke. Akasema huenda ni nyeupe. Ile huenda niliisikia nikaipita.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefumua mkono wote. Kwa kupapasa. Kidole kimetoboka mara mbili. Gauni halikupata damu.

Jumatatu, 10 Machi

Binti kaingia kuoga. Nikakaa kwenye kompyuta niulize namna ya kuondoa matundu ya sindano kwenye satini.

Pembeni mwa kioo kuna orodha ya maongezi ya nyuma. Sikuwahi kuitazama. Nikaweka kidole, nikasoma neno neno. Tundu la sindano halionekani. Rangi ya uzi. Ukungu jicho la kulia.

Maneno yangu. Niliyonong'ona chumbani, mlango nimeufunga.

Mjuaji ni mmoja. Simu ni dirisha, na hii ni dirisha jingine la nyumba ile ile, na nyumba ni ya binti yangu.

Chini yake kulikuwa na moja ambayo si yangu. Ya Ijumaa. Nikaifungua.

Mama yangu haoni vizuri na anaficha. Nimejua tangu Jumatatu, nimesoma maneno yake humu. Nimempatia nafasi kwa daktari Alhamisi. Nimwambieje nisimvunjie heshima? Na gauni asinyang'anywe, litamuua.

Majibu yalikuwa marefu. Nilifika kichwa cha pili, mlango wa bafuni ukafunguka.

Kasimama na taulo kichwani. Katazama kioo, kanitazama mimi.

Mama, nilikuwa nitakwambia.

Lini? Unasoma maongezi ya mtu — nilikulea hivyo?

Ulikuwa umefunga mlango, mama. Ningepita wapi?

Nimekuja hapa mezani, kwenye gauni, nimechukua daftari hili ili mikono iwe na kazi. Nimekasirika. Nimeaibika pia, na aibu ndiyo inayouma.

Yeye kakaa kwenye kompyuta. Anaandika, tena kwa haraka. Kati yetu hatua nne. Amerudisha herufi ndogo. Naona mwanga mweupe tu na mgongo wake. Kila baada ya muda anafuta uso kwa taulo. Sijui anamuuliza nini. Sijui anajibiwa nini juu yangu.

Nimemwambia, soma kwa sauti.

Vidole vyake vimesimama. Hajageuka.

Nimemwambia tena. Soma kwa sauti, mwanangu, toka hapa sioni.